Ukuta wa Nne Ulikuwa Nyuma ya Magunia

Niliwahi kuamini, kwa moyo wangu wote na bila kunywa chochote, kwamba mtu akinunua nyumba kisha akasonga ugali wa kwanza ndani yake, kasoro zote za nyumba hiyo zinakuwa zake. Moshi ukishatoka kupitia kwenye bati, basi, umeikubali nyumba ilivyo. Hata ikikuangukia huna pa kulalamika. Aliyeniambia ni mwenzangu wa darasa la jioni, mtu aliyekuwa anapata hesabu zote mpaka mwalimu anaona haya. Sasa mtu anayegawa desimali kichwani, utambishia nini kuhusu ugali?

Miaka hiyo ya tisini Mpanda yetu ilikuwa bado ndani ya Mkoa wa Rukwa. Mchana nilikuwa nabeba mizigo stesheni, jioni nasoma, na cheti changu cha elimu ya watu wazima kilikuwa bado kinanukia wino. Tulikuwa tumepanga chumba kimoja, mimi, mke wangu na watoto watatu, tumelala kama dagaa kwenye fungu. Mmoja akigeuka, wote tunageuka. Ndipo tukapata nyumba ya kununua. Vyumba vitatu, paa la bati, mlango wa mninga mzito kiasi kwamba mwizi angelazimika kuomba likizo ili aje kuuvunja. Mwenye nyumba alikuwa mzee mmoja mfugaji ambaye alitaka kuhamia Litapunga, kwenye mashamba yake.

Sikutaka kununua kama mtu ambaye hajasoma. Nikamtafuta fundi ujenzi, nikampa jogoo mmoja wa haja, nikamwambia anikagulie. Fundi akaja na penseli sikioni. Aligonga kuta kwa kifundo cha kidole, akisikiliza kama daktari anayepima kifua. Akafungua madirisha, akayafunga. Akaruka mara mbili kwenye sakafu, nami nikaruka, maana jogoo alikuwa wangu.

Chumba cha nyuma kilikuwa na magunia ya mpunga, yamepangwa ukuta mzima kutoka chini mpaka karibu na mbao za kenchi. Fundi akayatazama. Akagonga gunia la katikati.

"Huu uko imara," akasema.

Nami nikaitikia kwa kichwa, msomi mzima! Kwenye karatasi ya daftari langu akaandika kwa mkono wake: Nimekagua kuta zote nne na paa, nyumba ni nzima. Akasaini. Tukaenda kwa balozi wa nyumba kumi, mauzo yakaandikwa, mzee akanishika mkono kwa furaha ambayo wakati ule niliiona ni ya kirafiki.

Siku tuliyofika na kitanda, mkokoteni wa mwisho wa mzee ulikuwa umeshaondoka na magunia. Tukaingia chumba cha nyuma. Kuta tatu zilikuwa za tofali za kuchoma. Ule wa nne ulikuwa wa tofali mbichi, na mchwa walikuwa wamejichongea barabara zao za udongo kutoka sakafuni mpaka kwenye kenchi, barabara nzuri kuliko ile ya kwenda Sumbawanga. Nikagusa kwa kidole. Kidole kikazama chote. Nilipokichomoa, kuku wa jirani akanichungulia kutoka upande wa pili.

"Baba watoto, hiki ni nini?" mke wangu akauliza.

"Dirisha dogo."

"We mwanaume!"

Kwa aibu nikataka kukoroga udongo nizibe palepale, jirani asione. Mke wangu akanishika mkono.

"Ukiziba, huyo fundi utamwonyesha nini? Uache hivyohivyo. Kamwite balozi aone leo, kabla hatujagusa kitu."

Yeye hakukaa darasa la jioni hata siku moja. Balozi akaja, akachomeka fimbo yake ukutani, fimbo ikapotea nusu. Akaguna tu, akaandika alichokiona.

Mimi nikatoa mchango wangu wa kisheria: hakuna kupika ndani. Tukaweka mafiga uani. Watoto walilala chumba cha mbele, mbali na ule ukuta, na ugali ulisongwa nje kama kwenye msiba. Wiki ya kwanza haikuwa na shida. Wiki ya pili mvua zikaanza. Mke wangu anasonga mkono mmoja, mwavuli mkono wa pili. Mimi nimeshikilia kipande cha bati juu ya sufuria kama mbeba bendera. Siku nyingine tulianza na ugali tukamaliza na uji.

Jirani yetu, mama mmoja wa Kirundi mwenye ulimi mtamu na mkali, alituangalia kutoka barazani kwake.

"Shemeji, nyie mmenunua nyumba au mmenunua picha ya nyumba?"

"Tunalinda haki, jirani!" nikamjibu, maji yakinichuruzika shingoni.

"Haki yenu imelowa."

Jioni hiyo mke wangu hakucheka. Alisema mvua kubwa ikija kabla ukuta haujajengwa, kenchi zile zilizoliwa zitashuka na paa, na watoto wako chini yake. "Tafuta hao watu. Mimi sitazika mtu kwa sababu ya magunia."

Nikamfuata fundi. Akaniambia bila wasiwasi, "Mimi nakagua ninachokiona. Magunia nilikuta yamo." Nikapanda baiskeli mpaka Litapunga, nikafika nimejaa tope kiasi kwamba mbwa wa mzee hawakunibwekea, walidhani ni kichuguu kinatembea. Mzee akanipa maziwa, akanipa kiti, na jibu akanipa pia: "Kijana wangu, nilikuuzia ukiwa na macho."

Basi nikaenda baraza la kata. Katibu alikuwa mama mtu mzima, mpole, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Akasoma karatasi ya fundi mara mbili, akasoma ya balozi, akawaandikia barua wote wawili. Wakaja. Kwanza tukaenda wote kuuona ukuta, kisha tukarudi kukaa kwenye benchi.

"Fundi," akasema katibu, "umeandika hapa kuta zote nne."

"Ndiyo, mama."

"Ulizigonga zote?"

"Tatu niligonga. Wa nne nilikadiria."

Hata mzee alicheka. Katibu akamgeukia. "Na wewe baba, ulijua ukuta umeliwa?"

Mzee akakuna kidevu. "Nilijua kidogo."

"Kidogo kiasi gani?"

"Kiasi cha kupanga magunia."

Kikao hakikufika saa sita mchana. Mzee alikuwa na tanuri la tofali alilochoma kwa ajili ya Litapunga. Akakubali kuleta tofali na miti ya kenchi kwa mkokoteni wake. Fundi akakubali kuuvunja ukuta na kuujenga upya bila ujira, ila akaomba chakula cha mchana, na asiwe jogoo yule, maana alishamla. Mimi kukoroga udongo. Waanze kesho yake, mvua kubwa isiwatangulie. Tukaweka saini wote, yangu kubwa kuliko zote.

"Chakula nitapika mimi," mke wangu akasema. "Lakini mtavumilia, napikia nje, mvua ikinyesha mtakula uji."

"Kwa nini nje?" katibu akauliza. "Jiko hamna?"

"Lipo. Muulize baba watoto."

Nikasimama, nikakohoa, nikaieleza sheria ya ugali wa kwanza na moshi, kifungu kwa kifungu. Fundi alikuwa anaitikia kwa kichwa. Kumbe na yeye alikuwa anaijua.

Katibu akavua miwani.

"Baba, sheria hiyo haipo. Ukinunua nyumba ukakuta kasoro iliyofichwa, unasema mapema, huigusi mpaka mashahidi waone, na unaleta karatasi ya aliyeikagua. Hayo mmeyafanya, ndiyo maana ukuta unajengwa. Ugali hauhusiki. Pikeni ndani."