Mama Makohozi

Katika maabara ya hospitali moja mjini Ifakara, Odilia alijulikana kama Mama Makohozi, na jina lenyewe alilipenda. Ukimpelekea kikopo chenye mate, alikirudisha dirishani hapo hapo.

"Haya mate, baba. Nataka makohozi, ya kutoka kifuani. Nenda katafute."

Watu waliondoka na vikopo vyao kwa aibu, naye akarudi kwenye hadubini roho yake kwatu. Mate hayamwambii mpimaji lolote, na Odilia hakutaka kubahatisha maisha ya mtu.

Mwanzoni mwa masika alikuja Venance, mkulima wa mpunga kutoka Masagati, akisumbuliwa na kikohozi kikavu. Mkewe Siwema alikuwa naye, mtoto mgongoni. Kikopo chao cha kwanza kilirudishwa. Kesho yake asubuhi Siwema akaleta kingine, kizito, cha kumridhisha kabisa Odilia, na vijidudu vya kifua kikuu vikaonekana tele. Venance akaanzishiwa dawa, wakarudi kwao.

Baada ya mavuno walirudi. Venance alikuwa amebaki mifupa mitupu, na dawa hakuwahi kuruka hata siku moja. Dokta Tadei alihisi vijidudu vimekuwa sugu.

"Nipimie tena, dada Odilia, nimbadilishie dawa."

Kwenye banda la wazi nyuma ya maabara Venance alijikohoza mpaka machozi yakamtoka. Akaleta mate matupu.

"Mbona mara ile ulitoa mengi, mazuri tu?" Odilia akamuuliza.

"Mara ile alihangaika mke wangu. Mimi hata kikopo sikukiona."

Odilia akamgeukia Siwema. Siwema alikuwa ameinamisha uso.

"Mama, ulisema mate huyataki," alisema polepole. "Yeye alikuwa hatoi kitu, na Masagati ni mbali, tungerudi vipi bila kupimwa? Mimi asubuhi huwa yananitoka. Nikasema nimsaidie mwenzangu."

Muda wote ule Venance alikuwa akimeza dawa za ugonjwa wa mkewe, na ugonjwa wake mwenyewe ukimla taratibu bila kujulikana jina. Hasira zilimpanda Odilia. Akatafuta wa kumkasirikia, na wa kwanza akawa yeye mwenyewe, na lile dirisha lake.

Siku hiyo hiyo Venance alipigwa picha ya kifua. Pafuni kulikuwa na uvimbe, na Dokta Tadei akasema lazima kikatwe kipande kidogo cha uvimbe huo kikapimwe, tena haraka, kwa kuwa wamechelewa.

Kisha Odilia akampa Siwema kikopo kipya.

"Nenda bandani, mwanangu. Mtoto niachie."

Mtoto alikuwa mwepesi mno kwa umri wake, na mwili wake ulichemka. Alikohoa kidogo, akalaza kichwa begani kwa Odilia. Siwema aliporudi, kikopo amekishika kwa mikono miwili, Odilia aliogopa kukipokea. Kwa mara ya kwanza tangu aanze kazi ile, alimwomba Mungu yawe mate.