Kope za Fundi Brashi

Si kweli kwamba Fundi Brashi alikuwa akilia njaa. Majirani waliomwona barazani akifuta machozi kutwa walikata shauri kuwa mkwewe, mjane wa mwanawe na mwalimu mstaafu, anamnyima chakula. Mzee alikula akashiba, na siku nyingine akalalamika kuwa amejaziwa sahani mno. Machozi yale yalitokana na nywele za kope.

Zilikuwa zimegeukia ndani, jicho la kulia, zikimchoma kila alipopepesa. Akajitibu kwa akili ya kazi aliyoifanya miaka hamsini: unywele ukikaa pasipo pake, ukate. Kila Jumamosi aliketi dirishani, akainua uso. "Punguza, mama. Mkono wako hautetemeki." Mkwewe akapunguza kwa mkasi wa kucha, kwa uangalifu wote wa mtu aliyesoma. Siku mbili nafuu, ya tatu moto.

Asubuhi moja mzee akapachika safu nzima ya nywele za brashi kando ya matundu ya ubao wa brashi, asione. Alipopapasa akagundua, akaushusha ubao taratibu.

"Naona ukungu, mwanangu. Nikipofuka, mikono hii itafanya nini?"

Hawakungoja kesho. Katika kliniki ya macho walipokewa na muuguzi mfupi mwenye sauti ya sokoni. Aliipindua kope, akachungulia.

"Huu ni ugonjwa wa vikope, mzee. Ulikupata utotoni, ukaacha kovu ndani ya kope. Kovu limenywea, limeivuta kope, sasa nywele zinasugua kioo cha jicho. Nani anazikata?"

Mwalimu akaikodolea macho chati ya herufi ukutani kama anayeisahihisha.

"Haya, simtafuti mtu. Mzee, unafanya kazi gani?"

"Natengeneza brashi."

"Ya koti na ya sakafu zinatofautiana nini?"

"Urefu tu. Nywele zile zile, ukizikata fupi zinakuwa kali, zinakwaru..." Mzee akaigusa kope yake. Kisha akacheka mpaka kiti kikalia. "Mkwe, tumesugua jicho kama sakafu."

"Nimesikia, baba."

Muuguzi, aliyesomea upasuaji wa kope, alieleza kuwa jicho lenyewe halitaguswa. Angepiga sindano ya ganzi, aikate kope, aigeuze nywele zitazame nje, ashone. Ukungu ulioingia huenda usiishe wote, lakini nywele zisingeendelea kulichubua jicho.

"Basi nikatafakari nyumbani," mzee alisema.

"Tafakari hapa hapa, baba. Kiti unacho," mwalimu akamjibu.

Alishonwa siku ile ile, akinung'unika kuwa nyuzi za hospitali ni nyembamba mno kwa kazi ya maana. Zilipotolewa baada ya siku kumi, alirudi barazani na uso mkavu. Ukungu kidogo ulikuwepo bado, hivyo alitafuta matundu kwa ncha ya kidole kabla ya kupachika. Safu ya kwanza ilimchukua asubuhi nzima, nayo ilinyooka. Akaanza ya pili bila kupumzika.

Jirani aliyevumisha habari za njaa akasimama mlangoni.

"Mzee amenawiri. Kumbe yalikuwa maradhi. Ehe, mwalimu, kabla ya hospitali mlikuwa mkimtibu kwa dawa gani?"

"Amepona," mwalimu alijibu. "Mengine ni ya nyumba hii, na sitayasema."