Besi ya Mjomba

Mjomba wangu hutengeneza redio sebuleni kwake. Nyuma ya pazia la sebule hiyo hulala mkewe, muuguzi wa zamu ya usiku, kuanzia asubuhi mpaka alasiri. Kwa hiyo mjomba hujaribu redio za watu kwa sauti ya kunong'ona. Wateja nao hunong'ona. Hata kucheka, huchekea viganjani.

Mwezi uliopita tulisoma habari za sauti darasani, nikajiona profesa. Siku moja nilipotoka shule nilimkuta dereva mstaafu tunayemwita Breki amefuata redio yake, na wateja wengine wawili wako kwenye benchi. Nobu ya besi, ile ya sauti nzito, ilikuwa imezungushwa karibu mpaka mwisho, ya trebo, ile ya sauti kali, ikiifuata.

"Mjomba, masikio yameanza kuchoka nini?" nikasema. "Mwenye kusikia vizuri huziacha katikati!"

Wateja wakatazamana. Mjomba akafungua mdomo, akatupia jicho pazia, akaufunga.

"Fundi asiyesikia ni kama dereva asiyeona," Breki akanong'ona, akabeba redio yake. Mmoja wa pale kwenye benchi naye akakumbuka ghafla kwamba ana safari.

Mjomba hakunifokea. Heri angenifokea. Alichukua redio nyingine, akaweka nobu katikati na sauti chini kabisa.

"Sikiliza."

Nilimsikia mwimbaji tu, mwembamba kama yumo ndani ya kopo. Gitaa zito limekwenda wapi? Akazungusha besi polepole, likaja likinyata. Akagusa trebo; njuga zikaamka.

"Sauti ikiwa ndogo, sikio hupoteza milio mizito kwanza, kisha ile mikali. Mimi nairudishia haki yake. Ukipandisha sauti, unarudisha nobu katikati. Ndilo nililotaka kumwambia Breki."

Uso ukaniwaka. Kumbe nimemtangaza kiziwi mbele ya riziki yake, mtu anayesikia kuliko sisi sote.

Kesho yake nikaenda kwa Breki. Redio inanguruma mpaka vikombe vinatetemeka kabatini. Amepandisha sauti bila kugusa nobu.

"Unaona? Mjomba wako ameiua!"

Nikazirudisha katikati, ngurumo ikakoma. Nikamweleza yote huku nikivitazama vidole vyangu vya miguu.

"Usinieleze mimi," akasema. "Ulimvua nguo mbele za watu, kamvishe mbele za watu."

Tukaenda pamoja. Yule wa safari alikuwepo, amekuja kuondoa redio yake kabla haijaguswa.

"Mjomba anasikia," nikanong'ona mlangoni. "Asiyejua ni mimi."

"Paza sauti, hatukusikii!" wakanong'ona wa kwenye benchi.

Mjomba akaonyesha pazia kwa kidevu. Basi nikaenda kuwainamia wateja sikioni, mmoja mmoja, nikiyarudia maneno yale yale, kila mara mazito zaidi, mpaka benchi likaisha. Nilipofika kwa mjomba sikuwa na sauti iliyobaki.

Akanisogezea kigoda. Yule wa safari akairudisha redio yake mezani.