Kikapu Kilichozikwa Ng'ambo ya Zuzu

Wakati wa Wajerumani, reli ilipokuwa imekwisha kupita Dodoma, nilisomea vyombo vya angani. Nikiwaambia watu hawaniamini. Lakini palikuwa na banda la mabati nyuma ya karakana, na humo Mjerumani mmoja mwembamba, mwenye kikohozi kisichopona, alitufundisha mimi na mwenzangu kutengeneza maputo ya kupanda juu kuliko ndege yeyote, yakiwa yamebeba vipimo vya baridi na uzito wa hewa.

Hatukukalishwa darasani. Siku ya kwanza mwalimu alitupa mkasi, bati na moto wa kulehemu, akasema, "Tengenezeni kikapu chepesi kuliko kuku." Tuliungua vidole. Tulijifunza kupaka masizi kwenye kibati cha mviringo, ili sindano nyembamba ikwaruze juu yake habari za huko angani. Kibati kilizungushwa na saa ndogo ya kamani, ule utepe wa chuma uliojikunja ndani, na saa hizo ndizo zilizokuwa somo gumu. Mwalimu alikuwa akitufunga macho kwa kitambaa, anazipanga saa mezani, kisha anatutaka tuseme ipi mbovu kwa kuisikiliza tu.

Mimi ni mtu wa Kondoa, nimekulia milimani katika chuo cha Kurani na baadaye shule ya serikali. Mwenzangu alikuwa Mgogo wa Mvumi aliyesomeshwa na wamisionari, mtu wa maneno machache na masikio ya ajabu. Alizijua saa zote kwa mlio. Moja ilikuwa imewahi kuanguka ikatengenezwa: ilipiga pigo zito, pigo jepesi, halafu ikasita kidogo. Aliiita Kiguru, kwa kuwa ilichechemea, na aliipenda kuliko zote.

Mwisho wa kiangazi tulirusha kikapu kilichobeba Kiguru. Tulifunga maputo mawili pamoja, moja lipasuke huko juu, la pili likishushe kikapu taratibu. Asubuhi hiyo hata jani halikutikisika. Maputo yalipanda yakielekea magharibi, yakawa kama punje ya mtama, kisha yakasimama. Mwalimu aliondoa jicho kwenye darubini, akapangusa kioo, akatazama tena.

"Yanarudi," alisema. Kisha, "Hapana. Yanazunguka."

Yalizunguka pale pale kwa muda mrefu, kama mwewe aliyeona kitu chini. Halafu hatukuyaona tena.

Kutafuta kilichoanguka nako kulikuwa sehemu ya masomo. Kesho yake tulifuata reli hadi Zuzu, tukaingia vichakani, tukawa tunauliza kaya kwa kaya. Kila tulipouliza watu walituonyesha upande uleule. Alasiri tukaliona kundi la ng'ombe limesimama juani, nje ya zizi lililokuwa wazi. Hawakuwa wakila wala kucheua. Wote walikuwa wameelekeza vichwa zizini, na hakuna aliyeingia.

Mbele ya tembe alikaa bibi mmoja, nywele zimenyolewa karibuni kama aliyefiwa. Mwenzangu alimwamkia kwa Kigogo. Mimi nilimwambia, "Shikamoo, bibi."

"Marahaba," alijibu, na hicho ndicho Kiswahili pekee nilichosikia kinywani mwake. Yaliyobaki mwenzangu alinitafsiria.

Tulimweleza tunachokitafuta. Bibi alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Tumemzika."

Mwenzangu alinigeukia. "Anasema wamemzika. Hasemi wamekizika."

"Muulize ilikuwaje."

Bibi alieleza bila haraka. Alishuka jana, alisema, polepole kama mtu aliyechoka. Ngozi yake ilikuwa nyeupe, laini, ikipumua, halafu ikanywea. Wanaume walikimbia. Yeye akasogea, akaweka sikio, akasikia moyo unapiga. Alikaa naye mpaka ulipokoma. "Mtu amekuja kufia mlangoni kwangu," alisema. "Nimtupe?"

Mtoto wake wa kiume, mtu mzima mwenye ndevu, alitupeleka pembeni mwa zizi, walipozikwa watu wa nyumba ile. Palikuwa na tuta jipya la udongo lenye mawe juu yake. Alisimama mbali nalo.

"Mama hajawaambia yote," alisema. "Leo asubuhi ameanza tena."

"Nani ameanza?"

"Sikilizeni wenyewe."

Mwenzangu alipiga magoti akaweka sikio ardhini. Nilimwona uso ukibadilika. Alinivuta mkono. Nami nikainama. Udongo ulikuwa wa moto shavuni. Mwanzoni nilisikia damu yangu mwenyewe, basi nikashika kifundo cha mkono ili nihesabu mapigo yangu. Ndipo nikasikia kingine chini ya hayo, ambacho hakikwenda pamoja na moyo wangu. Pigo zito, pigo jepesi, kusita.

"Kiguru," mwenzangu alinong'ona.

Nilijiambia ni jambo la kawaida. Saa ikisimama, mtikisiko kidogo waweza kuiamsha. Nilimwambia mwenzangu hivyo, naye akaitikia kwa kichwa, lakini hakuinuka.

Tulirudi kwa bibi kuomba ruhusa ya kufukua. Naye akauliza:

"Mkimtoa, nani atamzika tena?"

"Sisi," mwenzangu alijibu kabla sijafungua mdomo.

Tulichimba kwa jembe la mtoto wa bibi. Mlio sasa tuliusikia tukiwa tumesimama, na nje ya zizi ng'ombe walianza kulia mmoja mmoja. Jembe likagusa ngozi. Walikuwa wamemviringisha katika ngozi ya ng'ombe, kama wanavyowafanyia watu wao. Lilipogusa, mlio ulikatika. Ng'ombe nao wakanyamaza.

Nilifungua ngozi, kisha kikapu. Mpira wa puto ulikuwa umekunjwa vizuri kandoni. Saa ilikuwa imepasuka ubavu. Kamani ilikuwa imekatika vipande viwili, na gurudumu dogo la meno lilikuwa limelala peke yake chini ya kikapu, limejaa mchanga. Niliichukua saa, nikaitikisa, nikaiweka sikioni. Saa ile isingeweza kupiga hata pigo moja tangu ilipoanguka.

"Basi bibi alisikia nini?" niliuliza.

Mwenzangu alikuwa ameshika gurudumu lile kiganjani. "Na sisi je?"

Tulitoa kibati cha masizi peke yake, kwa kuwa ndicho mwalimu alichokitaka. Vingine vyote tulivirudisha ndani ya ngozi. Mwenzangu alisoma sala ya kwao, mimi nikasoma Fatiha, na bibi akamwagia udongo maji kwa kibuyu. Tulipoondoka ng'ombe walikuwa wakiingia zizini.

Kibati hakikuwa na faida, masizi yalikuwa yamefutika yote. Mwalimu alikigeuzageuza mikononi, kisha akatuuliza kwa nini hatukuleta saa. Tulimsimulia. Nilitegemea atucheke. Badala yake alimwomba mwenzangu agonge mezani mlio aliousikia. Mwenzangu aligonga kwa ukucha: zito, jepesi, kusita. Mwalimu alisikiliza huku akitazama dirishani.

"Iacheni huko," alisema. Hakuizungumzia tena.

Siku ya kurusha iliyofuata, mwenzangu ndiye aliyeshika maputo. Mwalimu alitoa amri. Mwenzangu hakuachia. Kamba ilikuwa imemkaza vidoleni, na mikono yake inavutwa juu.

"Nikiyaachia," aliniuliza taratibu, "yatakwenda kufia kwa nani?"

"Ni mpira na bati, ndugu yangu."

"Ndiyo. Ni mpira na bati." Akaachia. Hakutazama juu. Aliingia bandani, akavua aproni, akaikunja juu ya meza ya saa.

Alipanda gari moshi la kwenda Gulwe, kwa mjomba wake fundi seremala. Nilimsindikiza hadi stesheni. Nilimuuliza kama atarudi tukimalize pamoja tulichokianza. Alisema useremala unamtosha, mbao ukishazipigilia misumari husikii kitu tena. Tulicheka wote wawili, na gari likaondoka.

Mimi nilibaki nikamaliza. Nilirusha maputo mengine mengi, mengi nikayaokota miibani yakiwa kimya, mpaka vita ilipokuja na banda likafungwa. Mwalimu alinipa cheti kilichopigwa mhuri, akanishika mkono, akakohoa, akaniambia mikono yangu ni mizuri kwa kazi hii. Kuhusu masikio yangu hakusema kitu, nami sikumuuliza.