Mhola, Mwana, Mhola

Mpaka leo nikinusa betri kuukuu iliyopigwa na jua, ile harufu ya kutu na joto, narudi nyumbani kwetu Ilembo, pembeni mwa mji wa Mpanda, katika miaka ya tisini. Baba alikuwa na redio moja kubwa, na betri zake zilipoishiwa nguvu hatukukimbilia dukani. Tulizianika juu ya bati la banda la ndama, pembeni ya mihogo ya mama, na jioni zilikuwa zimepata uhai wa kuimba nyimbo mbili tatu kabla redio haijaanza kukoroma. Sisi ni Wasukuma. Baba alihamia huku na ng'ombe zake kutoka kaskazini, na mama alikuwa akimtania kwamba angeweza kumuuza yeye mkewe lakini siyo redio ile. Mimi nilikaa chini karibu na kiti cha baba nikimeza kila kitu: dansi, taarabu, kwaya, hata muziki wa kufungulia taarifa ya habari. Nilimeza kwa sababu asubuhi kisimani kulikuwa na mtu wa kumpelekea.

Mtu huyo alikuwa Estera, rafiki yangu. Wazazi wake walitoka Burundi, wakaishi kwanza kwenye makazi ya wakimbizi, kisha wakapata shamba la mahindi jirani na letu. Tulikuwa na desturi yetu wenyewe: hakuna kuchota maji kabla kila mmoja hajatoa wimbo aliousikia tangu jana. "Leo umekuja na upi?" Estera aliniuliza hata kabla ya salamu. Niliimba, naye akanipigia dumu. Kisha ikawa zamu yake. Kwao hakukuwa na redio. Redio ya nyumba ile ilikuwa mama yake, na haikuhitaji betri. Mama Estera aliimba akipukuchua mahindi, akifagia, akisuka nywele za binti yake, na kila asubuhi Estera alikuja na wimbo wa Kirundi ukiwa bado wa moto. Kizuri kula na mwenzio, wanasema, nasi tulikula tukashiba, huku mama zetu wakisubiri maji nyumbani wakifoka.

Wimbo mmoja ulinishika kuliko nyimbo zote za redio. Ulikuwa wa kubembelezea mtoto, na ulianza kwa neno "hora", yaani nyamaza, tulia. Sasa masikio yangu ya Kisukuma, ambayo r na l huwa hayazitofautishi vizuri, yalisikia "mhola". Kwetu mhola ni salamu, ni kuulizana kama mambo ni shwari. Basi nikaamini kabisa kwamba Mama Estera anamsalimia mtoto kwa Kisukuma, na nikavimba kichwa! Mstari wa pili sikuuelewa hata kidogo, nikaujaza sauti zilizofanana fanana na nilichosikia. Usilolijua ni usiku wa giza, lakini mimi nilitembea gizani humo kifua mbele. Siku moja nikauimba wote mbele ya Mama Estera mwenyewe: "Mhola, mwana, mhola!" Estera alicheka mpaka akakaa chini. Mama yake alijishika mbavu. "Wee Kabula, sasa unamsalimia mtoto anayetaka kulala, si utamwamsha?" Tangu siku hiyo tukikutana njiani mama huyo aliniambia "Mhola", nami nikamjibu "Mhola duhu", shwari tupu, akaenda zake akicheka.

Mvua za mwaka huo zilipoanza, Mama Estera akaanza kukohoa. Mwanzoni watu walisema ni baridi ya shambani. Baadaye wakaacha kusema. Alikonda, jamani, nguo zikambakia mwilini kana kwamba ni za mtu mwingine, na nyimbo zikakatika kidogo kidogo mpaka nyumba ikawa kimya. Estera alianza kuja kisimani bila wimbo. Nilipomuuliza amekuja na upi, aliinamisha kichwa akafunga ngata yake upya, na mimi sikuwa na moyo wa kumdai. Akaniomba niende kwao nikamwimbie mama, kwa maana yeye akifungua mdomo, kilio kinatangulia. Nilienda, nikakaa chini karibu na kitanda cha kamba, nikaimba mhola yangu. Mama Estera alitabasamu. Alitaka kunirekebisha ule mstari wa pili. Aliuanza kwa kunong'ona, neno moja, mawili, kikohozi kikamkatiza. "Kesho," akasema. Hakuiona kesho hiyo.

Baada ya matanga, baba yake aliamua kuwapeleka watoto kwa baba yao mdogo, mbali na Mpanda. Asubuhi ya kuondoka Estera alinifuata kisimani akiwa mikono mitupu. "Ule wimbo wa mama uutunze wewe," aliniambia. "Mimi utanipotea." Nikamwambia nitautunza. Nililia njia nzima, nikafika nyumbani na ndoo nusu, na mama hakunigombeza.

Siku hizi simu yangu ina nyimbo nyingi kuliko nitakazoweza kusikiliza mpaka nife. Wanangu wameziba masikio, kila mmoja na muziki wake, na nikiwauliza wanasikiliza nini wananitumia linki. Hakuna anayeniimbia. Mwaka jana nilikuwa sokoni Kibaoni nikichagua mchele, mwanamke mmoja akasimama mbele yangu akaniangalia sana, kisha akasema, "Leo umekuja na upi?" Niliuachia mfuko ukaanguka. Estera! Tulikaa juu ya magunia ya watu, na pale pale nikamwimbia wimbo wa mama yake kama nilivyoutunza. Alisikiliza amefumba macho. Nilipomaliza akauliza ule mstari wa pili ulikuwa unasemaje hasa, nikamwambia mimi nilidhani yeye ndiye anajua. Alisema alishawauliza wazee wote wa kwao, hakuna aliyewahi kuusikia wimbo huo. Huenda mama aliutunga mwenyewe akipukuchua mahindi. Asiyekuwepo na lake halipo, na baba yake naye alishazikwa zamani.

"Kabula," akasema, "najua mama alikuwa anasema hora. Lakini sauti yake imenitoka kabisa. Nikimtafuta mama kichwani, nakusikia wewe ukikosea."

Nilimshika mkono, nikasema lile neno ambalo mama yake alinisalimia nalo njiani, "Mhola." Jibu lake alilijua vizuri sana. Alifungua mdomo, na kilio kikatangulia.