Mwalimu Aliyefundisha Ukuta

Harufu ya liwa inanitia hasira mpaka leo. Harusini wenzangu wanajipaka na kusifiana, mie natafuta kiti karibu na dirisha. Nisameheni. Liwa hiyo nilisingwa nayo mwili mzima miezi minne nikiwa mwali, ndani ya chumba kimoja huko Temeke, zama za Mwingereza, na kila ninapoinusa nakumbuka nilivyomtendea Mwalimu Nikodemo.

Alikuwa mtu wa bara, Mkristo, mrefu, kaptura yake ya kaki imenyooshwa pasi hata siku ya mvua. Darasa la nne la shule yetu ya serikali lilikuwa na wasichana sita tu, naye alituhesabu kila asubuhi kama vifaranga. Miezi mitatu kabla ya mtihani nikavunja ungo. Kwetu Wazaramo, binti akivunja ungo anawekwa ndani, haonwi na mwanamume mpaka atolewe kwa ngoma. Mie na Mwanahawa, binti wa baba mkubwa, tuliwekwa ndani wiki ileile ili tutolewe siku moja. Kanga za sare zilishanunuliwa. Mtihani? Nani aliuwaza mtihani!

Siku ya nne Mwalimu akaja kuniulizia. Akapiga hodi mlango wa mbele, kimya; Bibi alikuwa kisimani. Mtu wa pwani angerudi zake. Yeye, kwao milimani nyumba ina mlango mmoja, akazunguka akaingia uani. Na mie nimekaa pale jamvini, kichwa wazi, somo yangu, yule mama aliyekuwa akinifunda, ananisinga. Nilisikia, "Zena, mbona huji shule?" halafu mayowe ya somo yakafunika yote.

Lo! Mtaa ulifurika. Baba akaja mbio kutoka barazani kwa jirani, akamkamata Mwalimu ukosi, akamburuta hadi njiani. "Mbara huyu hana adabu! Unaingiaje kwa mwali wa watu?" Mwalimu aliomba radhi, akaapa hakujua. Kofia yake waliikanyaga. Bibi aliporudi na ndoo yake akanizaba kofi mie, ati ndimi niliyemwita. "La kuvunda halina ubani," akasema. Wazee wakakata shauri: mwali kaonwa, aanze upya. Mwanahawa atolewe peke yake, mie nibaki. Wallahi, nilimchukia yule mtu kuliko nilivyowahi kumchukia mtu yeyote.

Kesho yake baada ya alasiri nikasikia sauti kichochoroni, nyuma ya ukuta wa chumba changu. "Zena. Leo sehemu. Robo tatu jumlisha nusu." Nikachungulia kwenye ufa. Mwalimu kasimama, nyumba kaipa mgongo, kitabu mkononi, anasomesha!

Baba akatoka mbio. Mwalimu akamwamkia kwanza. "Shikamoo, mzee. Nyumba ni yako, sitaingia tena. Lakini hapa nimesimama njia ya Serikali."

Baba alimwogopa Mwingereza kuliko alivyonipenda mie, akarudi ndani akilaani. Majirani hawakurudi nyuma. Walimmwagia maji ya kuoshea samaki, watoto wao wakamzomea, wazee wazima na kanzu zao wakakaa barazani kucheka mwendawazimu anayefundisha ukuta. Naye akajifuta, akaendelea. Na kila siku alimaliza vilevile: "Zena, kama umesikia, gonga mara moja."

Sikugonga. Nilisikia kila neno, jibu ninalo mdomoni, nakunja ngumi naikalia. Mle ndani sikuwa na changu chochote ila hicho, kumnyima.

Siku chache kabla ya mtihani akaja sauti imemkauka. "Zena, mtihani ni Jumatatu. Nimesema na mzungu wa elimu. Ukitaka kuufanya ataandika amri, na baba yako hatakaidi. Lakini sitamwaibisha mzee wako kwa jambo usilolitaka mwenyewe. Ukitaka, gonga."

Alisubiri mpaka magharibi ikaadhiniwa. Na mie nimekaa, magoti kifuani, nimefurahi. Ndiyo, nilifurahi! Niwaongopee ya nini?

"Haya, mwanangu," akasema, akaenda zake. Baada ya mwezi nikatolewa, na kabla mwaka haujaisha nikaozwa. Mwalimu alihamishiwa mbali, sikumwona tena.

Siku hizi wale wale wa maji ya samaki, waliobaki hai, wakisikia jina lake wanatikisa vichwa: "Ah, yule alikuwa mtu wa watu, katusomeshea watoto." Kefule! Fadhila za punda mateke, na punda wa kwanza ni mie.

Baada ya uhuru nilijiunga na kisomo cha watu wazima. Hesabu zote nilikuwa nazo tayari, kwa sauti yake, mpaka wakanifanya mwalimu. Darasa langu likininyamazia kidogo tu, nakunja uso, naona wananidharau. Ndipo nilipoanza kumfikiria vizuri. Kuwekwa ndani, Bibi hakuniuliza. Kuanza upya, wazee hawakuniuliza. Kuolewa, Baba aliniambia jina la mume siku ile alipopokea posa. Katika watu wote walionilea, mtu mmoja tu alisimama akaniuliza nataka nini, akangoja mpaka giza likaingia, na huyo ndiye niliyemnyima jibu.