Makayabu ya Kilio cha Baba

Siku moja kabla ya kumzika baba, shangazi na mimi tulikaa uani kwetu Katuba kupanga chakula cha watu watakaorudi makaburini. Shangazi, dada yake baba, alikuwa ameshakata shauri: bukari, yaani ugali, sombe ya majani ya muhogo, na tomson, yule samaki wa barafu wa kila siku. Sikubishana. Mimi ni mtu wa kubishana hata na redio, lakini siku ile ulimi ulikuwa mzito.

Aliyebisha ni mama, tena bila kutoka chumbani. Kwetu mjane hukaa kwenye mkeka. Haingii jikoni wala hashiki mwiko mpaka ukoo wa mume umwachilie. Basi aliniita mlangoni.

"Tomson apana," alisema. "Bapike makayabu."

Makayabu ni samaki aliyekaushwa kwa chumvi mpaka akawa mgumu kama ubao, na baba alimpenda kuliko nyama. Enzi zake za kazi ya reli, akipata mshahara alimnunua huyo kwanza, unga baadaye. Kisha presha ikampanda, daktari akakataza chumvi, na nyumba yetu ikawa kama forodha ya Mokambo: hakipiti kitu. Mama alimloweka makayabu, akamwaga maji, akamloweka tena, na tena, mpaka zikabaki nyuzi. Baba alitafuna, akamtazama, akasema, "Unanipikia kitambaa."

Mama akienda sokoni, doria ilikuwa yangu. Siku moja baba aliniomba kipande kimoja tu kisicholowekwa, kwa sauti ndogo ambayo sikuijua kwake.

"Papa, docteur alikatalaka," nikamjibu.

Akageukia ukutani. Daktari hakukosea, na ndiyo maana mpaka leo sijui nimkasirikie nani.

Nilipompelekea shangazi ujumbe wa mama, alisonya. "Makayabu ya bantu bote bale? Kilio iko ya kulia, haiko ya karamu." Halafu akachezea ncha ya kitenge chake. "Lakini njo chakula ya kaka yangu," akasema. "Twende tuitafute."

Asubuhi ya mazishi, akina mama wa mtaa walikuja na sufuria zao kubwa, wakawasha makaa, wakaanza kuwaloweka samaki. Mama aliyasikia maji yakimwagwa uani. Akaniita tena.

"Ambia bale bamama basimwange maji sana. Leo asikie ladha."

Hakusema nani asikie. Niliufikisha ujumbe vilevile, na wale wapishi, wakiona mjane ndiye anayeagiza, wakasuuza samaki mara moja tu, wakamtia sufuriani. Hakuna aliyethubutu kuonja na kusema neno.

Tuliporudi makaburini watu walinawa mikono getini, wakaketi chini ya turubai, wakamega bukari. Tonge la kwanza likaleta kimya. La pili likaleta kikohozi. Madumu ya maji yakazunguka mbio kuliko sahani. Hapo mmoja wa wajukuu wa ukoo, wale wenye ruhusa ya kufanya mzaha kwenye kilio, akasimama akiiga mwendo wa baba na fimbo yake.

"Chumvi yote mulinikatalia," alinguruma, "leo mutaimaliza benyewe!"

Watu walicheka mpaka wakalia. Shangazi alicheka, akajifuta macho kwa kitenge, kisha hakukitoa tena usoni. Mimi nilicheka pia, na nilijisikia vibaya, na nilicheka tena.

Nikampelekea mama sahani yake. Alikula polepole, kipande kwa kipande, akaimaliza yote bila kugusa maji. Midomo yake ilikuwa imepauka. Kisha akanitazama kwa tumaini ambalo nilitamani nisilione.

"Weye," akasema, "siku nilikuwa naenda ku soko, haukumupatiaka hata kidogo? Ya kujificha?"

Miezi yote ile nilikuwa nimejifariji kwamba yeye ndiye aliyempa. Nilidhani kwamba, mimi nikiwa sipo, mama alimpenyezea kipande, wakacheka wawili kama wezi. Nilikuwa nangoja vilio viishe nimuulize.

"Apana, mama. Nilifikiri ni weye."

Aliitazama ile sahani tupu. Kisha akatikisa kichwa, akaniomba maji.